Msiidharau saa ya majira mawili ya bei nafuu

Kwa Mhariri,

Nimeisoma makala ya mwandishi wenu kuhusu saa za mkono za wasafiri ziitwazo GMT, yaani zile zenye mshale wa nne unaoonyesha majira ya nchi nyingine, na ningependa kuijibu hoja yake kuu kabla haijamfanya msomaji fulani aache kitu kinachomfaa na kukimbilia kisichomfaa. Aliandika kwamba saa za otomatiki (zisizotumia betri) za bei nafuu za aina hii hazistahili jina zinalopewa, kwa sababu mshale unaoweza kusogezwa peke yake ni ule wa majira ya mbali, ilhali katika saa za bei ghali kinachosogezwa peke yake ni mshale mkuu wa saa. Maelezo yake ya kiufundi ni sahihi. Ninachopinga ni hukumu aliyoitoa, kwani ni hukumu ya mtu anayeishi ndani ya ndege, na wengi wetu tunaolisoma gazeti hili tunaishi katika mitaa ya Nairobi na viunga vyake kama Umoja, Kawangware, South B na Rongai.

Tofauti yenyewe inafaa kuelezwa polepole. Katika aina ya kwanza, ambayo mwandishi wenu anaisifu, rubani akitua Dubai huvuta kitufe cha ubavuni hatua moja na kuurusha mshale wa saa mbele kwa saa moja. Mshale wa dakika na wa sekunde huendelea na safari yao bila kukatizwa, na mshale wa nne hubaki ukionyesha majira ya nyumbani. Katika aina ya pili, ukivuta kitufe hatua hiyo hiyo, kinachoruka ni ule mshale wa nne peke yake, saa moja baada ya nyingine, huku saa ya hapa ikibaki kama ilivyo. Ya kwanza imeundwa kwa ajili ya anayeondoka. Ya pili ni ya anayebaki nyumbani na kutaka kujua walioondoka wako katika saa gani.

Mimi ni wa kundi la pili, na nadhani ndilo kundi kubwa zaidi katika jiji hili. Ninafanya kazi ya uwakala wa forodha na mizigo karibu na Barabara ya Mombasa, na dada yangu ni muuguzi Manchester. Guangzhou, wanakotoka wateja wetu wengi, iko mbele yetu kwa saa tano mwaka mzima, maana China haibadilishi saa zake, na hesabu hiyo mtu yeyote wa biashara anaifanya kichwani: ikifika saa saba mchana hapa, kule ni saa kumi na mbili jioni na mtu wa stoo anatafuta viatu vyake. Uingereza ndiyo yenye shida. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Manchester iko nyuma yetu kwa saa mbili. Miezi iliyosalia, iko nyuma kwa saa tatu. Wamarekani nao hubadilisha zao Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna majuma machache kila mwaka ambapo hata tofauti kati ya London na New York si ile iliyozoeleka.

Sasa tazama jambo ambalo mwandishi wenu alilipita. Kenya haibadilishi saa. Tuko mbele ya majira ya Greenwich (GMT) kwa saa tatu Januari, na tuko hapo hapo Julai. Kinachohama ni majira ya ndugu zetu walioko ng'ambo, wala si yetu. Saa inayomfaa mtu aliye katika hali hiyo ni ile ambayo mshale wake wa mbali husogezwa peke yake bila kuigusa saa ya hapa, na hiyo ndiyo hasa saa ya bei nafuu aliyoidharau. Mwisho wa Machi ninavuta kitufe hatua moja, ninakizungusha mpaka ule mshale wa nne, ambao ni mwekundu, ufike kwenye majira mapya ya Manchester, ninakirudisha ndani, na kazi imekwisha hadi Oktoba. Mwenye ile saa ya rubani atalazimika kuisimamisha saa nzima, ausogeze mshale wa nne pamoja na ile mingine, kisha aurudishe mshale wa Nairobi mahali pake na kulinganisha sekunde upya. Ametoa fedha nyingi zaidi ili afanye kazi zaidi.

Kuhusu dai kwamba hizi si saa halisi za aina yake, historia yenyewe inalikanusha. Rolex ilipotoa GMT-Master katikati ya miaka ya 1950, saa iliyohusishwa na marubani wa shirika la ndege la Pan Am, mshale wake wa nne ulikuwa umefungamanishwa na mshale wa saa na haukuweza kusogezwa peke yake hata kidogo. Rubani aliyetaka majira ya pili aliizungusha ile pete yenye tarakimu 24 inayozunguka kioo, na akasoma hapo. Uwezo wa kuitenganisha mishale hiyo ulikuja katika GMT-Master II mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya saa ya Glycine nayo ilikuwa imekwisha kutoa saa yake ya Airman mwaka 1953, ikiwa na uso wa saa 24. Ikiwa kipimo cha uhalisi ni mshale mkuu unaoruka, basi saa iliyoanzisha sifa yote hiyo haikuwa halisi, na sidhani kama mwandishi wenu yuko tayari kuliandika hilo.

Saa niliyo nayo ni Seiko 5 Sports GMT, toleo lililotoka mwaka 2022 kwa bei ya dola 475 za Marekani. Kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 61,000 kabla ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na hapo ndipo neno "nafuu" linapohitaji kupimwa kwa unyenyekevu, kwani kuna kodi za nyumba za miezi kadhaa ndani ya kiasi hicho. Ninaiita nafuu kwa kulinganisha na saa nyingine za kazi hiyo, ambazo baadhi huanzia mara mbili ya bei hiyo na kupanda hadi bei ya gari. Mashine iliyo ndani inaitwa 4R34, na dada yake, NH34, huuzwa kwa kampuni nyingi ndogo zinazounda saa zao kwa bei ya chini zaidi. Wanaotaka mshale mkuu unaoruka bila kugharimika sana wana mashine ya Kijapani ya Miyota 9075, iliyotoka mwaka huo huo wa 2022, na kwa mtu wa safari za kila mwezi ningesema aitafute hiyo. Sina ugomvi nayo.

Kasoro za saa yangu ni nyingi kidogo kuliko alizozitaja mwandishi wenu. Kubwa zaidi ni usahihi. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu mashine hii iende mbele hadi sekunde 45 au ibaki nyuma hadi sekunde 35 kwa siku, na ukipiga hesabu ya mwezi mzima kwa kiwango cha juu kabisa unapata zaidi ya dakika 22, jambo ambalo saa ya betri ya shilingi elfu mbili italicheka. Kwa kawaida mambo si mabaya kiasi hicho. Yangu hukimbia mbele kidogo mchana ninapoivaa, na nimeona kwamba nikiilaza usiku ikiwa imesimama kwa ubavu, kitufe kikitazama chini, hupunguza mwendo na kurudisha sehemu ya kile ilichopata mchana, wakati ikilala chali, uso juu, huzidi kukimbia. Kila saa ina tabia yake katika hilo, na mwenye saa hana budi kuichunguza yake. Kuiacha juu ya spika ya redio au kwenye kifuniko cha simu chenye sumaku ni kutafuta balaa, maana utepe mwembamba ulio moyoni mwa mashine ukishikwa na sumaku, saa huanza kukimbia mbele kwa dakika nyingi kila siku, na mwenyewe hudhani imeharibika ilhali inahitaji kuondolewa sumaku tu.

Kasoro ya pili ni kwamba saa hizi huishi kwa mkono wa anayezivaa. Ndani yake kuna kipande kizito chenye umbo la nusu duara, ambacho huzunguka kila mkono unaposogea na kuikaza kamani. Kamani iliyojaa huendesha saa kwa takriban saa 41. Maana yake ni kwamba ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kuiweka mezani, Jumapili saa tano asubuhi itakuwa imekata roho, na Jumatatu utapanga upya tarehe, majira ya hapa na majira ya kule, huku ukiwa umechelewa kazini. Utingo wa matatu hatapata shida hiyo. Karani wa kuketi atapata, na dawa yake ni kuitia ufunguo kwa mkono mizunguko ishirini hivi kabla ya kuivaa. Mwandishi wenu aliandika kana kwamba otomatiki maana yake ni kutoshughulika na saa kabisa, na hilo lingehitaji kusahihishwa.

Kuna pia nchi ambazo mshale huu hauziwezi. Kwa kuwa huruka saa nzima nzima, hauwezi kuionyesha India, ambayo imetuzidi kwa saa mbili na nusu, na wenye wagonjwa Chennai au Mumbai watabaki kuongeza nusu saa kichwani.

Jambo ambalo ningetamani lingepewa nafasi kubwa zaidi katika makala ile ni namna ya kuikagua saa dukani, kwa sababu katikati ya jiji zimejaa saa zenye mshale wa nne ambao ni pambo. Muuzaji ataapa kwamba ni GMT. Usibishane naye. Mwombe akuruhusu uvute kitufe hatua ya kwanza tu, si ya mwisho, kisha ukizungushe upande mmoja halafu upande wa pili. Katika saa kama yangu, upande mmoja hubadilisha tarehe na upande wa pili husogeza mshale wa nne; katika ile ya rubani, mshale mkuu huruka pande zote mbili. Kwa vyovyote vile, lazima mshale mmoja usogee peke yake, ama ule wa nne ama ule mkuu. Ikiwa hakuna mshale unaojitenga, basi huo wa nne umefungwa kwa ule mkuu na, kama saa haina pete ya tarakimu 24 inayozunguka, hautakuambia lolote zaidi ya kama ni usiku au mchana. Ukaguzi huu hauhitaji fundi wala darubini. Tazama pia kama mshale wa nne, baada ya kuruka, unaelekea sawasawa kwenye tarakimu yake au unakaa katikati ya tarakimu mbili, kwani ukikaa katikati utakuudhi kila siku.

Kuhusu ufundi, mafundi wetu wa vibandani ni hodari wa kubadilisha betri, mikanda na vioo, lakini wachache wana vifaa vya kufungua na kusafisha mashine ya otomatiki. Hapa ndipo bei nafuu inapogeuka kuwa faida. Mashine za familia ya NH zimesambaa duniani kiasi kwamba, ikichoka baada ya miaka, fundi anaweza kuitoa nzima na kuweka mpya kwa sehemu ndogo ya bei ya saa. Ukipewa waranti, uliza ni nani atakayeitekeleza hapa Nairobi. Duka moja lilinijibu kwamba saa ingepelekwa ng'ambo kwa gharama yangu, na jibu hilo nililiona kuwa sababu tosha ya kununua kwingine.

Niongeze jambo dogo kwa wapenda michezo ya aina hii. Wenye saa ambazo mshale wa nne unafuata majira ya Nairobi wanaweza kuizungusha ile pete ya nje kwa nafasi sita, ili 1 ikae palipokuwa na 7, na mshale huo utasoma saa zetu za Kiswahili: moja hadi kumi na mbili mchana, na kumi na tatu kuendelea usiku. Hesabu hiyo, kwa bahati, ni sawa kabisa na majira ya Buenos Aires. Ninamjua mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeiacha yake hivyo na hataki kusikia habari za London.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu atakaporudi kwenye mada hii aandike kwa kila saa ni mshale upi unaosogezwa peke yake na bei yake ikiwa imekwisha kutozwa kodi, kwa sababu dola zilizotajwa katika makala ile si bei ambayo msomaji yeyote wa hapa ataikuta dukani.

Wako mwaminifu,
Wakala wa mizigo,
South B, Nairobi