Tui anamudu dakika 38 peke yake. Tumtoe sasa au tungoje?

Kwako Daktari,

Baada ya salamu. Tunalea kwa muda mbwa jike wa kuokotwa, ghorofa ya pili hapa Tudor, Mombasa. Jina lake Tui, kwa sababu ya rangi. Ana kilo 16, umri wa miaka mitatu hivi kwa kuangalia meno, ametolewa kizazi, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya mwaka huu. Ni mpole kwa watoto, kwa paka wa ngazini, hata kwa muuza maziwa. Ila hawezi kuachwa peke yake. Sasa wamejitokeza watu wawili wanaomtaka, kikundi kilichomwokoa kinadai jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na humu ndani tumegawanyika. Tuvumilie kwa urefu wa barua. Jibu lenyewe limejificha kwenye mambo madogo madogo.

Tuanze na siku ya kwanza aliyorekodiwa. Simu ya zamani iliegemezwa kwenye rafu, ikatazama mlango. Mlango ulipofungwa alisimama, masikio mbele. Sekunde ya 40 pua iko kwenye mwanya wa chini ya mlango, anavuta hewa hadi vumbi linaruka. Dakika ya 3 anazunguka: mlango, dirisha, mlango. Dakika ya 6 analialia. Dakika ya 9 anatoa ile sauti ndefu inayofika mpaka dukani chini. Dakika ya 12 anaparua mbao kando ya kitasa, anatweta, na udenda umefanya dimbwi la ukubwa wa kisahani. Viatu vilikuwa palepale, mito ya kochi palepale. Kipande cha ini kilichowekwa mbele yake hakukigusa. Alikila watu waliporudi, kwa pupa, hata hakutafuna.

Hilo la ini ndilo lililoondoa shaka. Mbwa aliyechoshwa na kukaa bure hula kwanza, kisha hutafuta utundu, na hutafuna chochote kilicho karibu. Mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, na huandama njia ya kutokea: mwimo wa mlango, kitasa, wavu wa dirisha. Kwa hiyo wanaosema "mtembezeni zaidi" wanatibu ugonjwa mwingine. Anatembezwa dakika 40 alfajiri na 40 jioni. Akichoka anaparua akiwa amechoka. Mkojo umepimwa, damu imeangaliwa magonjwa ya kupe, hakuna kitu.

Kikundi kilishauri kizimba cha waya. Aliwekwa mara moja tu. Alivunja ukucha na kuupinda mlango wa kizimba kwa meno. Mbwa wa aina hii ukimfungia unampa hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, na wengine hupoteza meno ya mbele hivyo hivyo. Kizimba kilirudishwa jioni ileile. Kumgombeza mtu anaporudi nako hakufanyiki: hawezi kuunganisha ukali wako na mlango alioparua muda mrefu uliopita, atajifunza tu kwamba hata kurudi kwa watu kunatisha. Yale macho ya chini ambayo watu huyaita "anajua amekosa" ni namna yake ya kukuomba utulie.

Utaratibu uliomfikisha alipo ni huu. Haachwi kabisa kupita kikomo chake, na hili ni gumu kuliko mazoezi yenyewe. Hofu moja kubwa hubomoa kazi ya wiki. Kuna zamu za nyumbani, jirani wa chini, na mwanafunzi anayelipwa kukaa naye akisoma vitabu vyake. Hapo tuligundua jambo la maana: mtu yeyote anamfaa. Hata akiwa na mwanafunzi aliyemjua kwa siku mbili tu, Tui analala chali. Lakini mbwa mwenzake hamfai. Alipoachwa na mbwa wa jirani alimruka mgongoni akaenda mlangoni.

Kisha zilifuata dalili za kuondoka. Funguo zilikuwa mbaya kuliko mkoba na viatu. Zilichukuliwa mezani mara 15 hadi 20 kwa siku bila mtu kwenda popote, zikarudishwa, mtu akaendelea kukuna nazi. Siku ya tisa hakuinua hata kichwa. Halafu mlango, kipande kwa kipande: kushika kitasa, kufungua, kutoka bila kufunga, kufunga kwa sekunde moja, kuvuta komeo, kushuka ngazi. Geti la chuma la nje lilikula siku tano peke yake mpaka bawaba zilipotiwa mafuta. Kila kipindi ni nusu saa, siku tano kwa wiki, siku mbili za kupumzika. Muda haupandi moja kwa moja: sekunde 20, 45, 10, 60, 15. Ukiongeza tu kila mara, mbwa anajua kwamba safari hii ni ndefu kuliko iliyopita, na wasiwasi unaanza kabla hujafika mlangoni. Chakula hatukitumii ndani ya mazoezi. Ule mpira mnene wenye tundu, uliojazwa ugali na dagaa ukagandishwa friza, anapewa wakati watu wapo. Akipewa wakati wa kuondoka utadhani ametulia. Kikiisha chakula ndipo anagundua yuko peke yake. (Na msitumie kifuu cha nazi badala ya mpira. Kinapasuka, vipande vinachana fizi.)

Wiki ya kwanza ilikuwa sekunde 5. Ya tatu, dakika 2. Ya sita, 11. Ya tisa, 26. Sasa ni ya 12, na mara tatu mfululizo amelala kwenye mkeka wake dakika 38 bila kuinuka. Aliteleza mara moja kwa ubaya. Kumbe feni ilikuwa ikifunika kelele za ngazini. Stima ilipopotea, feni ikanyamaza, akasikia nyayo na tuktuk zote za barabarani, akarudi hadi dakika 4. Ilichukua siku sita kumrudisha. Tangu siku hiyo nusu ya mazoezi yanafanywa feni ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo tulipokwama kimawazo. Sehemu ngumu ni hizo dakika 30 hadi 40 za mwanzo; mbwa akizivuka akiwa ametulia, kwa kawaida hatua zinazofuata huwa ndefu zaidi: 50, 70, saa moja na nusu. Tui yuko kizingitini. Mmoja wetu anasema tungoje afike saa tatu au nne ndipo ahame. Mwingine anasema mbwa hajifunzi kwamba "kukaa peke yangu ni salama". Anajifunza kwamba ni salama ndani ya chumba hiki, nyuma ya mlango huu, na harufu hizi. Akihama ataanza tena kwenye sekunde, hata kama atapanda haraka. Basi kwa nini tutumie miezi mingine miwili kumfundisha nyumba asiyokwenda kuishi?

Waombaji wenyewe. Wa kwanza ni familia ya Nyali, uwanja mkubwa, ukuta mrefu, mbwa dume mmoja, na wote hutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wangependa alale nje asaidie ulinzi. Kikundi kinawapendelea kwa sababu "mbwa anataka uwanja". Sisi tunaona uwanja si dawa ya hofu hii. Mbwa anayeparua mwimo ndani ya nyumba, ukimweka nje atachimba chini ya geti, na nje ya geti kuna barabara. Saa kumi za kila siku, kwa mbwa wa dakika 38, hatuoni zinajazwa na nini.

Wa pili ni mama mstaafu wa Ganjoni, nyumba ya chini, anaishi peke yake. Yuko nyumbani karibu mchana kutwa. Huenda sokoni kwa muda wa saa moja na nusu, asubuhi kadhaa kwa wiki, kanisani Jumapili kwa muda wa saa tatu, na Desemba huenda Taita wiki mbili. Mkono wake ni mtulivu, hababaiki, na alipooneshwa mazoezi ya funguo aliyafanya vizuri kuliko sisi. Wasiwasi ulikuwa kwa mzee wa mlango wa pili, ambaye hupita ukumbi uleule kwenda msikitini mara tano kwa siku. Pua mbichi ya mbwa ikigusa kanzu, ni mara saba za kuosha, moja kwa udongo, na sala inamngoja. Mama alikwenda kumuuliza mwenyewe. Jibu la mzee: "Amfunge kamba fupi, apite upande ule, sina ugomvi." Kamba ya mita moja na kitambaa cha udenda mlangoni vinatosha.

Kuna na la dawa. Kliniki imeandika fluoksetini, dawa ya kupunguza wasiwasi, kapsuli ya mg 20 mara moja kila asubuhi, yaani kama mg 1.25 kwa kilo. Hatujaanza. Siku kumi zilizopita kikundi kilimwosha kupe kwa amitrazi, kama kinavyowaosha mbwa wake wote, na daktari ametuzuia mpaka zitimie siku 14. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini zinaweza kuleta mtetemeko, homa na degedege. Tunalitaja kwa sababu huku Pwani amitrazi iko kila duka la mifugo na hakuna anayemuuliza mtu kama mbwa anatumia dawa nyingine. Duka moja lilitaka kutuuzia asepromazini "alale tu". Hiyo inalegeza viungo, hofu inabaki ndani macho yakiwa wazi. Tumeiacha.

Fluoksetini huchukua wiki nne hadi sita kuonesha kazi, mwanzoni hupunguza hamu ya kula, na haikatizwi ghafla. Ndipo swali linapokuja, Daktari. Tuianzishe hapa kwetu kwanza, ahame ikiwa imeshashika? Au ikienda sambamba na kuhama si neno? Tunahofu akikataa chakula wiki ya kwanza hatutajua ni dawa au ni ugeni.

Mpango tulionao kwa upande wa mama ni kwamba aje kwetu kila siku wiki ya kwanza, awe yeye wa kutoka na kuingia. Wiki ya pili Tui ashinde Ganjoni mchana nasi tukiwapo, mkeka wake usiofuliwa ukiwa sakafuni na simu ikirekodi, na mlango wa kule uanzwe kwenye sekunde moja. Wiki ya tatu alale. Mwanafunzi wetu amekubali kushika saa za soko na kanisa kwa miezi mitatu. Je, wiki mbili za kuzoeshana zinatosha, au tunaharakisha? Na hiyo safari ya Taita: aende naye, au arudi kwetu, ambako huenda pameshakuwa pageni kwake?

La mwisho ni la karatasi. Kikundi kinataka fomu iseme "hapendi upweke", basi, kwa hoja kwamba tukiandika yote hatapata mtu. Sisi tumeandika hivi: "Akiachwa zaidi ya dakika 38 ataparua mlango, atatoa udenda na kulia mpaka mtu arudi. Asifungiwe kizimbani. Asioshwe kwa amitrazi akiwa kwenye dawa. Akishindikana, arudishwe kwa walezi hawa, asipewe mtu mwingine." Mbwa anayetolewa kwa maneno matamu mara nyingi hurudishwa upesi, akiwa na hofu kubwa kuliko aliyotoka nayo, kwa hiyo sentensi ya kwanza haitoki. Tunachotaka utuambie ni kama kuna kilichosahauliwa hapo ambacho mama wa Ganjoni anapaswa kukijua kabla hajaweka sahihi.

Ni sisi walezi wa Tui,
Tudor, Mombasa