Feri ya Mfangano na iwe na saa ya kuondoka

Mhariri,

Niruhusu nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera tangu tuliporejea Kisumu kutoka likizo ya Agosti: boti za kwenda kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, hazina saa ya kuondoka. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulikuwa tumemtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Athens, naye akatuzungusha visiwa vya Cyclades nchini Ugiriki kwa feri, tukaanzia Syros, tukapitia Paros na Naxos, tukamalizia Santorini.

Uzuri wa visiwa vile umesimuliwa na wengi, nami sitaurudia, ila niseme tu kwamba Santorini ina msongamano kama wa stendi ya mabasi siku ya kufunga shule, na bei zake hazina huruma. Kilichonishangaza ni usafiri wenyewe. Meli huondoka bandari ya Piraeus asubuhi na kufika Paros baada ya mwendo wa saa 4 hivi. Kabla haijatulia gatini, mlango mkubwa wa tezi, yaani nyuma ya meli, huwa umekwisha kuteremshwa, malori ya mboga, pikipiki na akina nyanya wenye vikapu wakashuka, wengine wakapanda, na baada ya dakika chache safari ya Naxos ikaanza, ambako aliye sitahani hulakiwa na lango la marumaru la hekalu la Apollo lisilowahi kukamilika. Kitinda mimba wetu wa miaka 4 hakulipiwa nauli, na dada yake wa miaka 8 alilipiwa nusu.

Sisemi kwamba bahari ile haina hatari. Mwezi wa Agosti huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, na tulipokuwa Naxos wakuu wa bandari walizuia meli kutwa nzima. Hata hivyo, ujumbe wa simu ulitufikia usiku uliotangulia, na tiketi zetu zikahamishiwa kesho yake bila malipo ya ziada. Wagiriki nao wamewahi kuzika: mwaka wa 2000 feri ya Express Samina iligonga mwamba karibu na Paros, watu takriban 80 wakafa. Sisi wa Ziwa Victoria hatujasahau MV Bukoba ya 1996 wala MV Nyerere ya 2018, zilizozama upande wa Tanzania na kuua mamia ya watu.

Sasa nirudi nyumbani. Kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita kuna feri, na tunaishukuru. Lakini anayetaka kuendelea hadi Mfangano kwa boti za abiria huondoka boti ikijaa, wala si saa ikifika. Desemba iliyopita tuliketi ufuoni Mbita na watoto tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, tukiambiwa kila mara kwamba wamebaki watu wawili tu, na tulipopanda hatimaye, jaketi za kuokolea maisha zilikuwa za watu wazima pekee. Mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto kliniki alikata tamaa akarudi kwao.

Najua jibu litakalotolewa: abiria ni wachache, faida haipo. Hata huko Ugiriki zipo njia za visiwa vidogo zisizolipa, na serikali hutoa ruzuku ili meli iende hata msimu wa baridi, watalii wakiwa wameondoka. Wazee wa Kendu Bay na Homa Bay nao watakumbuka meli za shirika la reli zilizokuwa zikipita Ghuba ya Winam, kabla ya barabara kuzinyang'anya abiria na gugu maji kuziba fuo.

Sidai meli ya kubeba mamia ya magari. Naomba kaunti ya Homa Bay na wasimamizi wa usafiri wa majini waanze na njia moja tu, Mbita hadi Sena kisiwani Mfangano, mara mbili kwa siku, ratiba ibandikwe gatini, jaketi za watoto ziwepo, na boti ing'oe nanga saa iliyoandikwa, hata ikiwa imebeba abiria 12.

Mzazi na msafiri,
Kisumu