Mazoezi kwa video: kiti mmekiona?

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya wagonjwa kufanya mazoezi ya viungo nyumbani huku mtaalamu akiwaongoza kwa video nimeisoma mara mbili nikitafuta palipotajwa kiti. Hakuna. Simu ipo, bando lipo, picha ya mgonjwa anayetabasamu ipo. Miaka yote nimenyamaza, ila hili linaumiza watu mabega.

Mzee aliyepata kiharusi anaambiwa asimame na kukaa mara 10. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, dirisha liko nyuma yake, kwa hiyo mtaalamu upande wa pili anaona kivuli kuanzia kidevu hadi kifuani. Zoezi lenyewe liko miguuni, nayo haionekani: unyayo wa upande uliopooza umetangulia mbele badala ya kurudishwa nyuma kidogo ya goti, basi mzee anainuka kwa mguu mmoja. Kiti ni cha plastiki juu ya simenti, akijisukuma, kinateleza. Mjukuu anakurupuka, anamvuta kwa mkono uleule uliopooza. Misuli ya bega imelegea, mfupa unashuka kutoka kwenye tundu lake, na maumivu hayo ni ya miezi. Mtaalamu anapiga kelele "acha mkono!" lakini bando limekata. Kwenye faili panaandikwa: kipindi kimefanyika.

Na kukakamaa kwa misuli baada ya kiharusi hakupimwi kwa kioo cha simu. Unakunjua kiwiko polepole, kisha haraka, unasikia mkononi kinapogomea.

Tukiwa hapohapo, viti mwendo vya msaada. Vinashushwa kwenye lori vyote upana wa inchi 18, watu wanapigwa picha, lori linaondoka. Mwenye nyonga za inchi 14 anapinda mgongo akitafuta pa kuegemea, na bila mto anaota vidonda makalioni. Chuo cha TATCOT kiko Moshi tangu 1981 kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Kupima nyonga, hata tepu ya fundi cherehani ingetosha!

Basi kila anayezindua mradi wa video akabidhiwe kamba ya mita 2, kiti cha mbao cha kimo cha sentimita 45 cha kuegemeza ukutani, na kanga ya kumfunga mgonjwa kiunoni ili mjukuu ashike hapo. Simu isimamishwe kwa ubavu, ikae mwisho wa kamba kutoka kwenye kiti, usawa wa nyonga, mwanga utoke nyuma ya simu. Kipindi cha kwanza mtaalamu aende mwenyewe nyumbani kwa mgonjwa. Nauli ya bodaboda itoke kwenye fungu la uzinduzi, pale palipoandikwa "fulana na kofia".

Mtaalamu wa viungo,
Morogoro