Kwanini Fainansi Wanakataa Kurudisha Pesa ya Kusafirisha Gari Kwenye PCS

Kuanzia Mei mpaka Agosti simu za kampuni yetu ya kubeba magari hapa Texas hazipoi, ndo msimu wa PCS, yaani wanajeshi kuhamishwa kambi kwa oda, na ndugu zetu walioko jeshini, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, wengine waliingia enzi zile za MAVNI wakati jeshi la Marekani lilikuwa linatafuta watu wanaojua lugha kama Kiswahili, wanapata oda za kuhama na gari lazima lifike upande wa pili. Kazi hiyo tunaifanya na tunaipenda. Ila kuna simu nyingine zinakuja mwezi mmoja au miwili baadaye na hizo zinatuuma kweli. "Kaka, lile gari mlilonipelekea, vocha ya madai imerudi, wamesema hawanilipi hata senti." Unakuta mtu kalipa dola 1,400 kutoka mfukoni, ana mke na watoto wawili kwenye nyumba ambayo hata deposit bado inamsumbua, na alikuwa anaihesabu ile hela kwamba itarudi.

Kwa hiyo tumeamua tuandike yote hapa, hata yale ambayo yatatufanya tukose biashara yako.

La kwanza, na hili ndo chanzo cha ugomvi mwingi: ukihama kutoka kambi moja kwenda nyingine ndani ya Marekani bara, yaani zile steti 48, serikali kwa kawaida hailipii gari lako kubebwa na trela. Inategemea wewe uliendeshe. Ndo maana kuna MALT, ile hela ya kila maili, ambayo mwaka 2025 ilikuwa senti 21 kwa maili, pamoja na posho ya siku za njiani ambazo zinahesabiwa kwa maili 350 kwa siku. Ukitoka Fort Bliss kwenda Joint Base Lewis-McChord, tuseme maili 1,700 hivi, kwa kiwango hicho MALT ya gari moja ni kama dola 357, na siku za njiani ni 5. Sasa mtu anaona safari ndefu, anaamua apande ndege, gari anatupa sisi tulibebe, halafu anapeleka risiti yetu fainansi, ofisi ya malipo ya jeshi, akitegemea kurudishiwa. Fainansi wanafungua ile Joint Travel Regulations, kitabu cha kanuni za safari za jeshi ambacho watu wanakiita JTR, wanaangalia oda zake, hakuna neno lolote kuhusu gari kusafirishwa. Basi, imekataliwa. Hapo hawajakuonea, wamefuata kitabu.

Ziko hali chache ambazo gari linaweza kubebwa kwa gharama ya serikali hata ndani ya bara. Kama una tatizo la kiafya linalokuzuia kuendesha, kama muda uliopewa kuripoti hautoshi kufika kwa kuendesha, au kama meli yako imebadilishiwa bandari ya nyumbani, hiyo ni kwa wale wa Navy. Kuna mengine yanayotegemea hesabu ya gharama lakini hayo iachie ofisi ya usafirishaji ya kambi iyaamue, na iyaandike. Naomba ushike hapo kwenye kuandika manake ndo tunakokwenda.

Kesi nyingi tulizoziona zinafanana. Sajenti wake alimwambia "lete risiti tu watakulipa". Au dada wa pale kaunta ya usafirishaji alimwambia ndio inawezekana. Au rafiki yake wa kitengo kingine alilipwa mwaka jana. Na sio kwamba hao watu walikuwa na nia mbaya, walisema wanachokijua. Lakini ukikata rufaa mpaka juu kabisa, kesi za madai ya safari za wanajeshi zinaishia DOHA, ile ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza rufaa, na msimamo wao kwa miaka mingi ni kwamba serikali haifungwi na ushauri mbovu aliokupa mfanyakazi wake. Hata kama aliyekwambia ana nyota begani. Hata kama una imeili yake. Kama sheria na oda hazikukupa hiyo haki, ushauri wa mtu hauwezi kuiumba. Mimi binafsi naona ni sheria kali sana kwa kijana mwenye cheo cha chini ambaye kazi yake ni kutii anachoambiwa na wakubwa, lakini ndo ilivyo na ni bora uijue kabla trela halijafika mlangoni kwako.

Kwa hiyo kabla hujatulipa sisi au mtu mwingine yeyote, fungua oda zako uzisome mwenyewe mstari kwa mstari. Tafuta POV, ndo jina lao la gari binafsi. Kama ruhusa ya kusafirisha haipo na unaamini unastahili, nenda uombe oda zirekebishwe KABLA hujasafiri. Oda zikirekebishwa baada ya safari ili tu kukupa kitu ambacho hakikuwepo mwanzo, mara nyingi haisaidii.

Halafu kuna jambo ambalo tunaliogopa kwa niaba ya wateja wetu. Mtu akishakataliwa ile risiti, anapata wazo, si nidai MALT tu kama niliendesha? Kwenye fomu ya DD 1351-2, ile vocha yenyewe, kuna sehemu ya safari ambapo unaandika ulisafiri kwa nini, na PA maana yake uliendesha gari binafsi. Ukiandika PA kwa gari ambalo siku hiyohiyo lilikuwa juu ya trela letu na wewe ulikuwa kwenye ndege, na ukasaini, umetoa taarifa ya uongo kwa serikali. Sheria za kijeshi zina kifungu chake kabisa, namba 124, na hapo hatuzungumzii tena dola 357, tunazungumzia cheo chako, na kwa wale ambao makaratasi yao ya uraia bado yanatembea, tunazungumzia na hayo pia. Tafadhali usifanye. Kama mkeo au mumeo kweli aliendesha gari la pili na oda zinaruhusu magari mawili, hiyo MALT ni haki yenu, idaini bila wasiwasi. Ila gari lililobebwa halina MALT.

Sasa wale wanaohamia nje ya bara, Ujerumani, Italia, na usisahau Hawaii na Alaska nazo zinahesabiwa nje ya bara kwa mambo haya. Hapa kinyume chake, serikali kwa kawaida inakusafirishia gari moja kupitia mkandarasi wake na wewe hutoi hela. Unalipeleka mwenyewe VPC, kituo cha kupokelea magari. Kosa tunaloliona hapa ni mtu kuona VPC iko mbali, au kusikia foleni ni ndefu, akaenda kutafuta kampuni binafsi impelekee gari mpaka Ujerumani kwa maelfu ya dola akijua atarudishiwa. Sheria inataka meli yenye bendera ya Marekani pale inapopatikana, na hata pale unaporuhusiwa kujipangia mwenyewe hurudishiwi zaidi ya kile ambacho ingeigharimu serikali kwa njia yake. Sisi hatuchukui kazi hizo kwa wanajeshi wenye oda, tunakwambia nenda VPC. Kama oda zako ni za Japani uliza kuhusu kuhifadhiwa gari, kwa sababu huko kwa kawaida huruhusiwi kupeleka na badala yake serikali inagharamia storeji.

Pale VPC ndo mahali pa kuwa makini kupita kote. Gari liwe limeoshwa mpaka chini kwenye chasisi, mafuta yasizidi robo tanki, ricoo za kiwanda, yaani kasoro ambazo kiwanda kimeita magari yarekebishwe, ziwe zimeshughulikiwa, na kama gari lina mkopo uwe na barua ya benki inayoruhusu litoke nchini. Mkaguzi atazunguka gari na fomu anaweka alama kila mkwaruzo. Usikae kwenye kiti unachezea simu. Zunguka naye. Akiandika mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma ambao wewe huuoni, mwambie akuonyeshe, na kama haupo usisaini mpaka uondolewe, kwa sababu ule ukurasa ndo utakaolinganishwa siku unalichukua gari upande wa pili. Piga picha pande zote nne, piga na ndani, piga na dashibodi ikionyesha kilomita au maili. Siku ya kulipokea fanya hivyohivyo, kwenye mwanga, kabla hujawasha gari kuondoka. Ukiona sehemu mpya iliyobonyea iandikwe palepale. Dai la uharibifu kwa ofisi ya madai ya jeshi lina ukomo wa miaka 2, lakini ukweli ni kwamba ukishatoka getini bila kuandika unakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha.

Na gari likichelewa? Utakuwa umepewa tarehe ya kufika, wanaita RDD. Ikipita na gari halipo, serikali inaweza kukurudishia gari la kukodi mpaka dola 30 kwa siku, kwa siku 7, yaani dola 210, basi. Baada ya hapo unamdai mkandarasi mwenyewe. Waliokuwepo mwaka 2014 wanakumbuka, mkandarasi alibadilishwa Mei mosi, msimu wa kuhama umechanganya, na maelfu ya magari yakachelewa, watu wakakaa wiki kwa wiki wanakodi magari kwa hela yao. Wengi walikuja kukwama kwenye kitu kidogo, hawakuwa na risiti. Kukopa gari la rafiki na kumpa hela ya mafuta hakuhesabiki, na siku ulizokodi kabla ya RDD hazihesabiki pia. Kodi kwa jina lako, tunza risiti, na omba karatasi ya mkandarasi inayoonyesha RDD ilikuwa lini na gari lilifika lini.

Kama umeshakataliwa na unaamini kabisa wamekosea, usiishie kulalamika kwa meseji. Omba kukataliwa kwako kwa maandishi, na waandike ni kifungu gani cha JTR wametumia. Kisome. Mara nyingine utagundua wameangalia kifungu kisicho chako, hilo linatokea, na ukilijibu kwa utulivu na oda zako mkononi wanarekebisha hapohapo. Wasiporekebisha unakata rufaa na una siku 30 tu tangu uamuzi wa kwanza, kwa hiyo usiiweke barua kwenye droo. Dai lenyewe kwa ujumla lina ukomo wa miaka 6, kwa hiyo kama ulihama zamani kidogo na hukudai kabisa bado unaweza kuwa ndani ya muda. Na kama walikulipa kimakosa halafu sasa wanakukata kwenye mshahara, hiyo ni njia nyingine, unaweza kuomba msamaha wa deni, ila lazima ionekane ulipokea kwa nia njema na hukuwa na sababu ya kujua ni kosa. Ofisi ya msaada wa sheria ya kambi inakusaidia kuandika bure, watumie hao kabla hujalipa mtu.

Kuna kitu watu wengi hawakijui na kinatuuma kwa sababu ni hela inayoachwa mezani. Tangu sheria ya kodi ya 2017 raia wa kawaida hawawezi tena kupunguziwa kodi kwa gharama za kuhama, lakini mwanajeshi aliyeko kazini anayehama kwa oda ya PCS bado anaweza, kwa fomu ya kodi namba 3903, kwa zile gharama ambazo hakurudishiwa, na kusafirisha gari imo. Kwa hiyo ile dola 1,400 ambayo fainansi wameikataa, usiitupe risiti yake. Mpe anayekufanyia kodi na mwambie ni PCS.

Ukitupigia kuhusu gari, tutakuomba ututumie oda zako kwanza, ziba namba zako za siri, tunataka tu kuona kurasa za safari. Tukiona huna ruhusa tutakwambia wazi kwamba hii hela hairudi, halafu uamue mwenyewe kama bado inafaa, kwa sababu kuna watu inawafaa, mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuendesha maili 1,700 na hilo tunalielewa. Usilipe deposit kwa kampuni yoyote, ikiwemo sisi, kabla hujaangalia namba yao ya USDOT, ile ya usajili wa wasafirishaji, kwenye tovuti ya serikali na kuona leseni iko hai. Na dereva akifika, hakikisha bili ya mzigo ina jina lako kama lilivyo kwenye oda, tarehe, maili za dashibodi na bei kamili uliyolipa, kwa sababu risiti iliyoandikwa "kesh, gari 1" hatujawahi kuona ofisi yoyote inayoipokea.