Wakaazi wa Mji Mkongwe nao wakumbukwe

Ndugu Mhariri,

Mijadala kuhusu ukarabati wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huishia kwenye kuta na milango. Ni kweli, majengo yale yana mengi ya kueleza: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Lakini walioishi humo hawatajwi. Kule Shangani ipo nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki mwaka 1905. Jina lake twalijua. Ya watumwa na wapishi waliomhudumia hatuyasikii. Na wazee wanaokumbuka nani alipanga chumba gani baada ya Mapinduzi ya 1964 wanazidi kututoka.

Naiomba mamlaka inayosimamia hifadhi ya mji iweke sharti katika kila kibali cha ukarabati: habari za wakaazi zikusanywe kwanza, kuanzia hati na picha hadi masimulizi ya majirani. Kisha kibao kidogo kiwekwe ukutani, tafadhali kisipigiliwe kwenye mlango wa nakshi. Kazi ianzie nyumba za wakfu na za serikali.

Msomaji wako,
Unguja