Sekunde 47 nilizozipigania

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikiliza maneno, ya pili nikasikiliza unavyovuta pumzi katikati ya maneno, ya tatu nikatega sikio kwa kile kipande cha wimbo kinachosikika kwa mbali nyuma yako. Kimenikaa kichwani tangu jana. Nalisema hili mapema, maana huko mbele nitakuwa mkali kidogo.

Kwa hiyo prodyuza anataka kiitikio kianze, utangulizi wa gitaa ukatwe, na ubeti wa tatu apewe msanii mwenye jina. Na mwenzako mliyeanza naye sasa anasikika kila kona, ilhali wewe, kwa maneno yako, unaandika vizuri kumshinda. (Labda. Mimi ni baba yako, usinipe uhakimu.) Kisha ukauliza: "Baba, nikikubali si nitakuwa nimejiuza?"

Ngoja nikusimulie nilivyojiuza mimi, maana hii hadithi nyumbani huwa naisimulia nusu tu.

Unaijua ile nusu ya kishujaa. Tulikuwa wanne, tumeingia studio na wimbo unaofunguliwa na solo yangu ya sekunde 47. Mwenye kampuni akasema tubakize 10, msikilizaji hana subira hiyo. Nikachomoa waya wa gitaa, nikalilaza kwenye kasha lake, nikafunga vifungo kimoja kimoja, taratibu, ili kila mlio ausikie. Nikamwambia, zote au hakuna wimbo. Akacheka, akasema haya, zote. Wenzangu walinibeba juujuu hadi mlangoni.

Nusu ya pili ni kwamba jioni ileile aliweka mkataba juu ya spika, kurasa 9, nikausaini nimesimama. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaridhika kwamba jina langu limeandikwa sawasawa. Kumbe ukurasa wa 6 ulisema rekodi ni mali ya kampuni, kwa namna yoyote na kwa muda wote, na kila nitakachotunga kwa miaka mitano ni chao vilevile. Nilikuwa nimegoma kutoa sekunde 37, nikatoa wimbo mzima.

Miaka ikapita. Siku moja mama yako anapiga pasi, televisheni inaongea yenyewe, mara nasikia sauti yangu ikinadi bidhaa ambayo mpaka leo siwezi kuitaja bila kuona haya. Hakuna aliyeniuliza, wala hakukuwa na sababu ya kuniuliza. Na ule utangulizi wangu walikuwa wameukata. Mama yako alizima televisheni, akaendelea kupiga pasi, hakusema neno.

Ndiyo maana swali lako la kujiuza linanitia wasiwasi. Umeuliza kuhusu kiitikio, hujataja mkataba hata mara moja.

Kupunguza wimbo ni jambo la zamani kuliko sisi. Enzi za santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika 3 hivi, na watunzi wakajifunza kusema yao ndani ya dakika hizo. Leo kipimo ni kingine: Spotify, ule mtandao wa kusikiliza muziki, huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 hauingizi mrabaha wa rekodi. Prodyuza wako anapokimbilia kiitikio, hesabu hizo ndizo zinazomkimbiza. Hana ubaya, anafanya kazi yake.

Mtazame Haydn, mtunzi wa muziki wa Austria. Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa kitajiri wa Esterházy kwa mkataba uliomkataza kumtungia mtu mwingine bila ruhusa. Bwana wake alipenda kupiga baryton, ala ya nyuzi ambayo leo wachache wanaijua, basi Haydn akamtungia vipande zaidi ya 100 vya ala hiyohiyo. Zaidi ya 100! Wewe umeombwa kuhamisha kiitikio. Na hakuna anayesema Haydn alipoteza sanaa yake kwa kumridhisha mwajiri. Kilichombadilishia maisha ni mkataba mpya wa 1779, uliomfungulia njia ya kuwauzia wachapishaji kazi zake. Umri wa miaka 40 na ushee, ndipo anaanza kumiliki alichokitunga.

Kwa hiyo nenda na kalamu. Uliza vitu viwili, wala usikubali vichanganywe: nani anamiliki utunzi, yaani maneno na melodi, na nani anamiliki masta, ile rekodi yenyewe. Prince, mwanamuziki wa Marekani, aliandika neno "mtumwa" shavuni kwa ugomvi wa aina hiyo na kampuni yake miaka ya 1990. Taylor Swift aliweza kuzirekodi upya albamu zake, akaanza kuzitoa 2021, kwa kuwa nyimbo alizitunga mwenyewe au kwa kushirikiana na wengine, japo masta zilikuwa mikononi mwa wengine. Mwaka 2025 akazinunua. Mikataba mingi ina kifungu cha kukuzuia usirudie kurekodi wimbo kwa miaka kadhaa. Kitafute, mara nyingi huwa mwishoni, pale macho yanapochoka.

Sasa ubeti wa tatu. Hapa nageuka kuwa yule mzee mkaidi. Beti mbili za mwanzo zinazunguka, ubeti wa tatu ndio unaosema nani aliondoka na kwa nini. Ukimpa mgeni, atakuja kujitaja jina na kusalimia mashabiki wake, na wimbo utabaki mlango usio na nyumba. Mpe nafasi baada ya ubeti wa pili, au muimbe kiitikio cha mwisho pamoja. Akikataa, aende salama. Mwimbaji Marvin Gaye alipoambiwa na bosi wa Motown, kampuni yake ya rekodi, kwamba wimbo wake wa kulalamikia vita hautauzika, aligoma kurekodi kingine chochote mpaka utoke. Ulitoka Januari 1971 na ukauzika sana, lakini hata usingeuzika, aligomea kiini cha wimbo. Mimi niligomea mapambo.

Na nikuambie yale mapambo yalitoka wapi, hili hata mama yako sijamwambia. Bendi nyingine ilikuwa na mpiga solo mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Kila mtu alijua, na mimi nilijua kabla yao. Zile sekunde 47 nilimpigia yeye, asikie. Wimbo haukuzihitaji. Nilipokuwa nafunga vile vifungo vya kasha nilidhani natetea sanaa, kumbe ni wivu uliovaa suti.

Ushindani wenyewe siukatai. Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys aliisikia albamu ya bendi ya Beatles ya 1965, akajifungia kutengeneza yake ya 1966, nayo ikawachokoza Beatles kwa ile ya 1967. Walisikilizana kwa makini kama wanafunzi. Wewe umemsikiliza mwenzako hivyo, au unaangalia tu namba zake zinavyopanda? Weka headphone, sikiliza wimbo wake mzima, halafu niambie ni kitu gani anakiweza ambacho wewe bado hujakiweza. Kipo.

Mkataba nipigie picha, ukurasa kwa ukurasa, hata ile inayoonekana haina kitu. Usisaini kabla sijakupigia, na usisaini umesimama.

Nimekutumia pia ule wimbo wetu kutoka kwenye kaseti yangu, na utangulizi wote. Siruhusiwi kuuweka popote, ila kumsikilizisha mwanangu sidhani kama kuna wa kunishtaki. Usikilize, uniambie ungekata wapi. Mimi juzi nilihesabu upya. Ningebakiza 11, moja zaidi ya zile alizotaka yule bwana.

Baba yako