Shukrani kwa aliyetuelekeza kwenye Gulistan

Kwako wewe uliyeombwa mkusanyiko wa hadithi fupi zenye roho ya ushairi wa Kiajemi ukatupa Gulistan ya Saadi, mshairi wa Shiraz huko Uajemi: ahsante sana, ndugu yetu. Hukuishia kutaja kitabu, ulitufundisha na namna ya kukisoma.

Kitabu ni cha 1258, kina milango, yaani sura, minane. Ulisema tuanze na mlango wa kwanza, wa wafalme, na dibaji tuiache mwisho, kwa kuwa sifa zake ndefu huwachosha wageni. Ni kweli kabisa. Mlango wa nane nao ni wausia zaidi kuliko hadithi. Anayeanzia huko hudhani kitabu kizima ni mawaidha.

Ushauri wa kuchagua chapa, yaani toleo la kitabu, ndio uliotufaa kuliko yote. Saadi husimulia kwa nathari, kisha hutia beti. Chapa inayozichanganya beti na nathari katika aya moja huua hadithi, maana mara nyingi kilele chenyewe cha hadithi kimo kwenye beti. Tazama hadithi ya 10 ya mlango wa kwanza: mfalme dhalimu anaomba dua kwenye kaburi la Nabii Yahya, msikitini Damascus, akimhofia adui mwenye nguvu. Saadi anamwambia awahurumie raia wanyonge ili asipate madhara kwa adui huyo. Ndipo zinafuata beti za wanadamu kuwa viungo vya mwili mmoja.

Hadithi tatu kwa siku zatosha. Ukizidisha, wafalme na madarweshi (masufi mafukara) wasio na majina huchanganyika. Mungu akuzidishie elimu.